Namna ya kufuatilia asilimia 10 ya halmashauri yako: kutoka ushuru wa gunia hadi marejesho ya kikundi

Maswali ni yale yale mkoani Dodoma, Bahi hadi Mpwapwa. Hela za vikundi zimetoka au bado? Mbona kata ya jirani wamepata na sisi hatujapata? Nani anaruhusiwa kuuliza? Nikiuliza si nitaonekana mkorofi? Mwongozo huu ni kwa mwananchi wa kawaida anayetaka kujua halmashauri yake imetenga kiasi gani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imemkopesha nani, na kilichorejeshwa kimekwenda wapi. Huhitaji kuwa mhasibu. Unahitaji subira, kalamu, na tabia ya kuuliza namba moja moja.

Kwanza ujue fedha yenyewe ni ipi. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Mgawanyo ni asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo lilikuwa agizo la kisera, na halmashauri iliyokaa kimya ilikuwa haijavunja sheria yoyote. Sasa inavunja. Hiyo si fedha ya mfadhili wala zawadi ya mheshimiwa fulani. Ni ushuru uliokatwa kwenye gunia la mahindi pale Kibaigwa, ushuru wa mnada, leseni ya duka na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni. Aliyelipa ana haki ya kuuliza.

Kumbuka pia kwamba mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka wa fedha 2024/25. Iliporejea, halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu utoaji kwa njia ya benki, Jiji la Dodoma likiwemo. Nyingine zinaendelea kukopesha zenyewe. Tofauti hiyo itabadilisha swali moja kwenye barua yako, tutafika huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la kazi hii tu. Kila unayeongea naye, andika tarehe, cheo chake na alichosema.
- Kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura. Haki ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ni ya raia, na unaweza kuombwa uthibitishe uraia wako.
- Fedha kidogo ya kudurufu karatasi na nauli ya kwenda makao makuu ya halmashauri angalau mara tatu.
- Wenzako wawili. Mmoja wa kuandika wakati wewe unaongea, mwingine wa kushuhudia. Kazi hii ukiifanya peke yako ni rahisi kuitwa ugomvi binafsi.
- Simu yenye kikokotoo na kamera.
- Kalenda ya mwaka wa fedha, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwaka wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, ya pili Oktoba hadi Desemba, ya tatu Januari hadi Machi, ya nne Aprili hadi Juni.

Hatua za kazi

1. Chagua halmashauri moja na mwaka mmoja uliokwisha.

Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa Mji, Kondoa Wilaya, Kongwa na Mpwapwa. Usianze na mbili. Na usianze na mwaka unaoendelea, kwa sababu namba zake bado zinabadilika na kila jibu litakuwa "subiri tufunge hesabu". Mwaka uliokwisha hesabu zake zimefungwa, hakuna pa kukuzungusha.

Angalia vizuri jina la halmashauri. Kondoa kuna mbili, na barua ya Mji ikienda Wilaya utapoteza mwezi mzima.

2. Pata mapato ya ndani halisi, siyo ya bajeti.

Kila halmashauri ina namba mbili. Ya kwanza ni makisio, yaani ilichopanga kukusanya. Ya pili ni makusanyo halisi. Asilimia 10 inapimwa kwenye makusanyo halisi. Aliyepanga kukusanya bilioni nne akapata tatu, deni lake kwa vikundi linahesabiwa kwenye tatu.

Pa kutafutia: ubao wa matangazo wa halmashauri na wa kata, tovuti ya halmashauri, na taarifa ya utekelezaji ya robo inayopelekwa kwenye baraza la madiwani. Piga picha ubaoni, na picha ioneshe karatasi nzima pamoja na sahihi na mhuri. Picha ya namba pekee bila kichwa cha karatasi haitakusaidia baadaye.

Usichanganye mapato ya ndani na bajeti yote ya halmashauri. Sehemu kubwa ya bajeti ni ruzuku kutoka Serikali Kuu, yaani mishahara na fedha za miradi. Asilimia 10 haigusi ruzuku hata shilingi. Ukisimama mkutanoni ukasema "bajeti yetu ni bilioni 30, ziko wapi bilioni tatu za vikundi?" mweka hazina atakunyoosha kwa sentensi moja, na swali lako zuri la baadaye halitasikilizwa tena.

3. Toa mapato lindwa, kisha piga asilimia 10.

Hili ndilo lisilojulikana na wengi. Si kila shilingi ya mapato ya ndani inaingia kwenye hesabu. Kuna mapato lindwa, yaliyokusanywa kwa kazi maalumu na yanayorudi kwenye kazi hiyo hiyo, kama malipo ya papo kwa papo ya wagonjwa na michango ya mifuko ya afya. Hayo yanatolewa kwanza. Kinachobaki, mapato yasiyolindwa, ndicho kinachopigwa asilimia 10.

Tuchukue halmashauri ya mfano, namba ni za kujifunzia tu:

- Makusanyo halisi ya ndani: shilingi 3,200,000,000
- Mapato lindwa: shilingi 700,000,000
- Mapato yasiyolindwa: shilingi 2,500,000,000
- Asilimia 10: shilingi 250,000,000
- Wanawake: 100,000,000. Vijana: 100,000,000. Wenye ulemavu: 50,000,000

Kuwa macho na ukubwa wa mapato lindwa. Halmashauri inayotaka kupunguza deni lake kwa vikundi ina njia nyepesi ya kulipunguza: kuongeza vitu kwenye fungu la mapato lindwa. Kwa hiyo usiombe jumla peke yake, omba orodha ya vyanzo vilivyowekwa humo. Ukikuta ushuru wa mazao au ushuru wa mnada umeorodheshwa kama mapato lindwa, uliza kwa msingi gani.

4. Andika barua fupi yenye maswali sita.

Barua ndefu yenye hasira hujibiwa kwa ukimya. Barua inayosema "naomba taarifa zote za mikopo" hujibiwa kwa "fika ofisini kwa maelezo zaidi". Omba namba zinazojibika, na kila namba iwe na mwaka wake. Mfano huu unatosha, ubadilishe majina:

*Mkurugenzi wa Halmashauri,*
*Halmashauri ya Wilaya ya ………,*
*S.L.P. ………*

*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA MIKOPO YA ASILIMIA 10, MWAKA WA FEDHA 2024/25*

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kijiji cha ………, kata ya ……… Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya taarifa zifuatazo:*

*(a) Makusanyo halisi ya mapato ya ndani, na orodha ya vyanzo vilivyohesabiwa kuwa mapato lindwa pamoja na kiasi cha kila kimoja.*
*(b) Kiasi kilichohamishiwa kwenye akaunti ya mikopo, kwa tarehe.*
*(c) Salio la akaunti hiyo Julai 1 na Juni 30 ya mwaka huo.*
*(d) Kiasi kilichokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kila kundi peke yake.*
*(e) Orodha ya vikundi vilivyokopeshwa: jina la kikundi, kata, shughuli, kiasi na tarehe ya kupokea.*
*(f) Marejesho yaliyotarajiwa na marejesho yaliyopatikana.*

*Naomba nipewe nakala za karatasi. Niko tayari kulipia gharama za kudurufu.*

Jina, sahihi, tarehe na namba ya simu chini. Kama wewe ni wa Jiji la Dodoma, kwenye (b) ongeza: "na kiasi kilichopelekwa benki kwa ajili ya kukopesha, kwa tarehe." Fedha ikipita benki kuna kituo cha ziada, na kila kituo kinahitaji namba yake.

Usiombe namba za simu, namba za vitambulisho wala picha za wanavikundi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda, na ombi la namna hiyo linaipa ofisi sababu ya kukataa. Jina la kikundi, kata, shughuli na kiasi ni taarifa za matumizi ya fedha ya umma. Simu ya mama mkopaji si yako.

Kosa jingine: kuandika "K.k. Mtendaji wa Kijiji" halafu "K.k. Mtendaji wa Kata". Sheria hii haikulazimishi kupitia ngazi zote hizo, na kila ngazi ni droo ambamo barua inaweza kulala. Mwandikie Mkurugenzi moja kwa moja, kisha mpe Mtendaji nakala kwa heshima.

5. Ipeleke masjala na uondoke na mhuri.

Chapisha nakala mbili zinazofanana. Nenda masjala ya halmashauri, siyo kwa afisa unayemfahamu. Mpe karani zote mbili. Atabaki na moja, na ya pili aigonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, asaini juu yake, akurudishie. Kabla hujatoka mlangoni isome tarehe hiyo. Mihuri ya tarehe huzungushwa kwa mkono, na si ajabu ukakuta bado iko kwenye tarehe ya juzi au mwezi uliopita. Siku zako zinahesabiwa kutoka pale, hivyo mwombe airekebishe na agonge upya.

Uliza pia jina la afisa habari. Sheria inazitaka taasisi ziwe na afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa, na barua yako itaishia kwake.

Halmashauri inatakiwa kukujibu mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 30. Andika siku ya 30 kwenye daftari. Siku ya 15 pita salimia, uliza imefika kwa nani. Usiende kila siku, utachosha watu utakaowahitaji.

6. Linganisha vituo vinne.

Fedha hii inapita vituo vinne: makusanyo, kutengwa, kukopeshwa, kurejeshwa. Macho ya watu wengi yako kwenye kituo cha tatu tu, nani kapewa na nani kanyimwa. Lakini ukikagua cha tatu peke yake hutaona lolote, kwa sababu mahali panapovuja ni katikati ya kituo na kituo. Hasa baada ya cha nne. Marejesho ni fedha inayoingia kidogo kidogo, kutoka kwa watu wengi, miezi yote, na haina sherehe ya kukabidhi hundi. Hakuna kamera inayofuata marejesho.

Tuendelee na halmashauri yetu ya mfano:

- Ilipaswa kutenga: 250,000,000. Iliyohamishiwa kwenye akaunti ya mikopo: 180,000,000. Pengo la kwanza: 70,000,000.
- Salio la Julai 1: 15,000,000. Marejesho ya mwaka: 60,000,000. Jumla ya fedha iliyokuwa ndani ya akaunti: 180 + 15 + 60 = milioni 255.
- Iliyokopeshwa: 190,000,000. Kwa hiyo Juni 30 akaunti ilipaswa kubaki na milioni 65.
- Salio walilokuandikia: 20,000,000. Pengo la pili: 45,000,000.
- Marejesho yaliyotarajiwa: 140,000,000. Yaliyopatikana ni 60,000,000, chini kidogo ya asilimia 43.

Pengo la kwanza linasema halmashauri haikutimiza sheria. La pili linasema kuna fedha iliyokuwa ndani ya akaunti na sasa haionekani. Ni mambo mawili tofauti kabisa, yana wahusika tofauti na yanapelekwa sehemu tofauti. Usiyajumlishe ukasema "zimeliwa milioni 115". Kufanya hivyo ni kosa la kihesabu, na linakuweka pabaya kisheria, maana kupotosha taarifa uliyopewa na ofisi ya umma ni kosa chini ya sheria ile ile inayokupa haki ya kuiomba.

Kabla hujaita pengo la pili wizi, ondoa sababu za kawaida. Mikopo iliyoidhinishwa Juni ikalipwa Julai. Marejesho yaliyoingizwa kwenye akaunti ya makusanyo ya jumla badala ya akaunti ya mikopo. Kikundi kilicholipa keshi mkononi mwa afisa badala ya kulipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hizi mbili za mwisho bado ni makosa, na la keshi mkononi ni kubwa, lakini yanathibitishwa kwa stakabadhi, siyo kwa makelele.

Ukiangalia mwaka ambao mikopo ilisitishwa, usidanganyike na sifuri kwenye mstari wa kukopesha. Kusitisha kukopesha hakukufuta kifungu cha 37A. Wajibu wa kutenga ulibaki, na waliokopa zamani waliendelea kudaiwa. Kwa hiyo salio la mwaka huo lilipaswa kupanda. Kama halikupanda, hilo ni swali lako la kwanza.

7. Nenda ukaone vikundi vitano.

Chukua orodha ya (e), chagua vikundi vitano vya kata tofauti. Kura ya vikaratasi inatosha, ilimradi usichague ambavyo tayari una mashaka navyo.

Ukifika, jitambulishe kwamba wewe ni mwananchi, siyo mdai. Wengi watadhani umetumwa kukusanya deni na watafunga mlango. Uliza mambo matatu: mlipokea kiasi gani, tarehe gani, na mmerejesha kiasi gani kwa njia ipi. Linganisha na orodha. Orodha ikisema milioni 10 na kikundi kikasema milioni saba, andika zote mbili, omba kuona taarifa ya benki ya kikundi kama wako radhi, usibishane.

Zingatia msimu. Kikundi cha kukamua alizeti ukikitembelea Januari utakuta mashine imefunikwa turubai, vumbi juu, hakuna mtu. Hiyo si dalili ya kikundi hewa. Alizeti ya kanda ya kati inavunwa kuanzia Mei, na mashine inafanya kazi kuanzia hapo. Nenda Juni au Julai uikute inaunguruma, magunia yamepangwa ukutani, mashudu yamemwagwa nje yanasubiri wafugaji. Vivyo hivyo kikundi cha kuku kisicho na kuku: uliza kwanza kama ugonjwa wa mdondo ulipita. Hasara si uhalifu. Kikundi kilichopata hasara kinaijua tarehe ya hasara yake, kinajua kuku walikuwa wangapi, na wanachama wanasimulia jambo moja.

Kikundi hewa kina sura nyingine. Mwenyekiti wa mtaa hajawahi kukisikia. Wanaotajwa kuwa wanachama hawajuani. Shughuli kwenye orodha ni ufyatuaji tofali na hakuna mtu wa mtaa huo anayekumbuka tanuri. Dalili moja haitoshi. Tatu pamoja zinatosha kupeleka mbele.

Usitaje jina la kikundi kwenye makundi ya simu hata kama una uhakika. Kikundi kimoja kikitajwa kimakosa, wanawake 10 waliojitahidi kulipa wanageuka wezi mbele ya majirani zao, na hakuna anayerudi kuwasafisha.

8. Uliza kwenye mkutano, swali moja, liandikwe.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ni sehemu yake. Wakati wa kilimo, Desemba hadi Aprili, akidi ni shida vijijini kwetu, watu wako shamba. Lenga mikutano ya baada ya mavuno. Wiki moja kabla mwombe Mtendaji aweke suala lako kwenye ajenda. Siku yenyewe uliza sentensi moja yenye namba: "Taarifa ya Mkurugenzi inaonesha kata yetu ilipata mikopo ya shilingi kadhaa kwa vikundi vinne, tunaomba majina ya vikundi hivyo yasomwe hapa." Halafu keti. Kabla mkutano haujafungwa, hakikisha swali na jibu vimeingia kwenye muhtasari. Kisichoandikwa kwenye muhtasari hakikusemwa.

Baraza la madiwani hukaa kila robo na wananchi wanaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza, ila hawachangii. Kwa hiyo mpe diwani wenu karatasi ya mahesabu mapema, ukurasa mmoja, pamoja na nakala ya barua yenye mhuri. Diwani mwenye namba mkononi anauliza vizuri kuliko diwani mwenye malalamiko.

9. Peleka kila pengo mahali pake.

Halmashauri haikutenga kiasi kamili: hilo ni la diwani na kamati ya fedha ya halmashauri, na pia ni hoja ya ukaguzi. Angalia kama CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ameshaliona. Ripoti kuu ya ukaguzi wa Serikali za Mitaa hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, kisha huwekwa mezani bungeni na kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Tafuta jina la halmashauri yako kwenye sura ya mikopo ya vikundi na kwenye viambatisho. Kumbuka ripoti ya Machi mwaka huu inazungumzia mwaka wa fedha ulioisha Juni iliyopita. Hoja ikiwemo, kazi yako imekuwa nyepesi: unauliza tu majibu ya hoja hiyo yamefikia wapi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi kwa hoja hizo hizo.

Salio halilingani: anza kwa barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa Mkaguzi wa Ndani, ukiomba ufafanuzi wa namba hiyo moja. Kikundi hewa, keshi iliyopokelewa bila stakabadhi, au afisa anayedai chake kabla mkopo haujatoka: nenda TAKUKURU ya wilaya, taasisi ya kuzuia rushwa, au piga 113, simu ni bure. Watoa taarifa wana sheria ya kuwalinda tangu 2015. Toa nakala, baki na karatasi zako halisi.

Ukikwama

*Siku 30 zimepita, kimya.* Andika barua ya pili ya mistari mitatu ukiambatisha nakala yenye mhuri, utaje tarehe ya mhuri na uombe jibu. Mara nyingi hii ndiyo inayojibiwa. Kama kimya kinaendelea au umekataliwa, sheria inakupa nafasi ya kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30 tangu upate uamuzi, kisha kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya sheria hii.

*Wamekataa kwa mdomo.* Jibu la mdomo halina tarehe wala jina. Omba kwa upole kukataliwa kwa maandishi pamoja na sababu, kama sheria inavyotaka. Ofisi nyingi zikifika hapo huona ni nafuu kutoa taarifa.

*Wamesema ni siri.* Uliza ni kifungu gani cha sheria kinachozuia. Zipo taarifa zinazozuiwa kihalali, kama za usalama wa taifa au faragha ya mtu. Jumla ya fedha iliyotengwa na majina ya vikundi havimo humo. Kama kinachowasumbua ni majina ya watu, kubali yafutwe, ubaki na vikundi na viwango.

*Wamenipa namba za bajeti badala ya halisi.* Hutokea sana, mara nyingine bila nia mbaya. Dalili yake ni namba zenye sifuri nyingi mwishoni. Makusanyo halisi huwa na mikia, kama 2,487,316,450. Rudisha barua ukiandika neno "makusanyo halisi hadi Juni 30" na upigie mstari.

*Benki imesema haiwezi kunipa taarifa za wakopaji.* Ni kweli, na usihangaike nayo. Aliyepeleka fedha benki ni halmashauri, na ndiyo inayopaswa kukuambia ilipeleka kiasi gani na imepokea taarifa gani ya utoaji.

*Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaona namshambulia.* Mkalishe, mwoneshe barua. Mara nyingi yeye mwenyewe anafuatilia vikundi vya kata nzima bila usafiri wala mafuta, na marejesho duni yanaangushiwa yeye. Muulize anakosa nini. Jibu lake linaweza kuwa pengo la tatu, lisiloonekana kwenye namba zozote za Mkurugenzi.

*Ninachofuatilia si mikopo, ni ruzuku ya mbolea au mbegu za alizeti.* Vituo vinabaki vinne lakini majina yanabadilika: kiasi kilichopangiwa wilaya, kilichofika kwa wakala, wakulima walioandikishwa, na mifuko iliyochukuliwa. Barua yako iende kwa Mkurugenzi huyo huyo, nakala kwa afisa kilimo wa wilaya, na kwenye orodha omba kijiji na idadi ya mifuko badala ya majina ya wakulima.

*Ni msamaha wa kodi wa mwekezaji.* Halmashauri haina karatasi hizo. Misamaha inayotolewa kwa tangazo huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, hivyo anza kwa kutafuta namba ya tangazo na tarehe yake, ndipo uandike Wizara ya Fedha pale Mtumba ukiitaja namba hiyo kwenye kichwa cha barua. Barua isiyo na namba ya tangazo itazunguka kutoka dawati hadi dawati na kurudi bila jibu.